MASIZI YANAYONG'AA: ELIMU MPYA YA KABONI, NA KIKUNDI KIFANYE NINI



Siku hizi neno "nano" limefika sokoni. Utalisikia kwenye mbolea ya majani, kwenye sabuni, hata kwenye dawa za kunyunyizia mboga. Muuzaji husimama mbele ya kikundi na kusema, "Akina mama, hii ni nano, inaingia ndani ya jani moja kwa moja." Anayeuliza nano ni kitu gani huonekana mshamba, basi watu hunyamaza. Halafu mweka hazina anaombwa afungue sanduku.

Pesa za kikundi ni za jasho. Ni shilingi mia kwa mia, wiki kwa wiki, za mama mboga, za mshona nguo na za kibarua wa bandarini. Kabla hazijatoka, yafaa tuelewe tunanunua nini. Kwa hiyo katika makala hii tutaeleza aina moja ya vitu vya nano, nayo ni ile inayotokana na kitu tunachokijua sote, yaani masizi na makaa. Wataalamu huziita chembe nano za kaboni zinazong'aa, au kwa jina fupi vitone vya kaboni.

Jibu letu tulitoe mapema ili msomaji asipotee njiani: elimu hii ni ya kweli na ni nzuri, lakini bado iko mezani kwa watafiti. Haijafika hatua ya kuwekewa pesa za kikundi. Hata hivyo, kuna ndugu yake mkubwa ambaye tunaweza kumtengeneza wenyewe kwa vifuu vya nazi, na kuna njia rahisi ya kupima kila kitu kinachosifiwa kabla ya kukinunua.

UDOGO WAKE

Chukua rula ya mtoto wa shule. Tazama milimita moja. Sasa fikiria umeigawa mara milioni moja. Kipande kimoja kati ya hivyo ndicho kinachoitwa nanomita. Unywele wa binadamu una unene wa nanomita 80,000 hadi 100,000 hivi. Bakteria mmoja wa aina ya E. koli, ambao baadhi yao huleta kuhara, ana urefu wa nanomita kama 2,000. Vitone vya kaboni huwa chini ya nanomita 10. Maana yake ni kwamba vitone mia mbili vinaweza kupanga foleni juu ya mgongo wa bakteria mmoja.

Basi tukisema chembe nano hatusemi unga laini kama wa ngano au wa makaa yaliyotwangwa. Punje ya unga wa makaa, hata ukiitwanga na kuichekecha kwa kitambaa, bado ni kama nyumba ya ghorofa mbele ya kitone hicho.

KUNG'AA KWAKE

Makaa ni meusi. Itakuwaje yang'ae? Hebu tuanze na mfano wa dukani. Wenye maduka na mawakala wa M-Pesa wengi wana taa ndogo ya zambarau ya kukagulia noti. Ukiweka noti halali chini ya taa ile, alama ambazo hukuziona zinawaka. Ukipita hapo umevaa shati jeupe lililofuliwa kwa sabuni ya unga, nalo huwaka rangi ya samawati.

Siri ni hii. Taa ile hutoa mwanga ambao macho yetu hayauoni vizuri, uitwao urujuanimno. Miale ya namna hiyo imo pia katika jua. Rangi iliyo kwenye noti huupokea mwanga huo usioonekana na kuurudisha ukiwa mwanga unaoonekana. Ni kama mtu aliyepokea noti ya elfu moja akarudisha mia nane. Ile mia mbili iliyobaki imepotea kama joto. Kung'aa kwa namna hii huitwa floresensi. Si moto, wala si betri. Ukizima taa, mng'ao unakwisha.

Bonge la makaa humeza mwanga wote na kuugeuza kuwa joto, ndiyo maana tunaliona jeusi. Lakini kaboni ikiwa ndogo mno, chini ya nanomita 10, na juu ya ngozi yake pakiwa pameshikamana oksijeni au nitrojeni, haiwezi tena kumeza kila kitu. Sehemu ya mwanga huirudisha kwa rangi ya samawati, kijani, manjano au hata nyekundu. Rangi hutegemea ukubwa wa kitone na vilivyoshikamana nacho.

ZILIGUNDULIWAJE

Mwaka 2004 watafiti wa Chuo Kikuu cha South Carolina, Marekani, walikuwa wakisafisha masizi yaliyotokana na cheche za umeme. Walikuwa wanatafuta kitu kingine kabisa. Katika uchafu uliotengwa wakaona sehemu fulani inang'aa. Mwaka 2006 kundi la Ya-Ping Sun wa Chuo Kikuu cha Clemson, huko huko Marekani, likatengeneza chembe hizo kwa makusudi na kuziita vitone vya kaboni.

Mwaka uliofuata, 2007, watafiti wengine walichukua masizi ya mshumaa wa kawaida, wakayachemsha kwa asidi kali, wakapata chembe zinazong'aa rangi mbalimbali. Masizi ya mshumaa! Yale yale tunayoyafuta kwenye chimni ya taa.

Mwaka 2012 watafiti wa India walitumia maji ya machungwa. Waliyatia ndani ya chombo cha chuma kilichofungwa imara, wakayapasha moto wa nyuzi 120 kwa dakika 150, wakapata vitone vinavyong'aa vizuri. Mwaka huo huo watafiti wengine wa India walichunguza vyakula na kukuta chembe nano za kaboni ndani ya mkate, biskuti, sukari guru na sukari iliyounguzwa. Kwa hiyo msishtuke: kwa muda wote tuliokula mkate uliochomwa tumekuwa tukizila kidogo kidogo bila kujua.

Kwa nini ulimwengu ulifurahia ugunduzi huu? Kwa sababu kulikuwa na vitone vingine vinavyong'aa, viitwavyo vitone vya kwanta, ambavyo waanzilishi wake watatu, Moungi Bawendi, Louis Brus na Aleksey Yekimov, walipewa Tuzo ya Nobeli ya kemia mwaka 2023. Vile hung'aa sana, lakini vingi vina madini ya kadimiamu, ambayo ni sumu. Kaboni haina sumu ya namna hiyo, ni rahisi kuipata, na imo katika kila mti, kila jani na kila mfupa.

ZINATENGENEZWAJE

Kuna njia mbili. Ya kwanza ni kuvunja kikubwa kiwe kidogo, kama wavunja mawe wanavyopata kokoto. Masizi au makaa huchemshwa kwa asidi kali mpaka vipande vinyofoke. Ya pili ni kujenga kutoka vidogo, na hii tunaweza kuilinganisha na kupika kashata. Sukari nyeupe ikipata moto huyeyuka, hugeuka manjano, halafu kahawia. Pale inapogeuka rangi, vipande vidogo vya sukari vinaungana na kuanza kuwa kaboni. Watafiti hutumia asidi ya sitriki, ambayo ndiyo ukali wa ndimu, pamoja na kitu chenye nitrojeni. Mwaka 2013 watafiti wa China walipata kwa njia hii vitone vinavyorudisha kiasi cha asilimia 80 ya mwanga wanaoupokea.

Kazi haiishii kwenye moto. Maji yale ya kahawia huchujwa, huzungushwa kwa mashine ya kasi, halafu hutiwa kwenye mfuko wa utando wenye matundu madogo mno ili uchafu na asidi iliyobaki itoke. Kazi ya kusafisha huweza kuchukua siku kadhaa. Baadaye hupimwa kwa darubini ya umeme ili kujua ukubwa wake.

Tunaomba sana kikundi chochote kisijaribu kupika vitu hivi nyumbani. Asidi ile huunguza mikono na mapafu. Chombo kilichofungwa na kupashwa moto kupita kiasi hulipuka. Na hata ukipata maji ya kahawia yanayong'aa, hutajua ndani yake kuna nini kingine, kwa sababu huna njia ya kuyasafisha wala kuyapima. Tena, taa ile ya zambarau isielekezwe machoni, hasa ya watoto.

KAZI YAKE KATIKA UCHUNGUZI WA VIUMBE HAI

Kitu kinachong'aa ni tochi. Faida yake ya kwanza ni kuonyesha kilichojificha. Hospitali zetu zinaijua kazi hii tangu zamani kwa njia ya rangi nyingine. Mtu akipimwa kifua kikuu, makohozi yake huweza kupakwa rangi ya auramini ambayo hushika viini vya ugonjwa huo. Chini ya darubini yenye mwanga maalum, viini huwaka kama nyota kwenye giza, na mpimaji huviona upesi. Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza darubini za namna hiyo zitumie taa ndogo za LED, ambazo hula umeme kidogo na hudumu.

Vitone vya kaboni vinajaribiwa kwa kazi inayofanana na hiyo. Kwa kuwa ni vidogo, huweza kuingia ndani ya seli, ile nyumba ndogo ambayo miili yote imejengwa nayo. Mtafiti huona vilipofika, kama ni kwenye kiini cha seli au pembeni. Wengine huvibebesha dawa ili wafuatilie dawa hiyo inakwenda wapi. Haya hufanywa maabara, kwenye seli zilizokuzwa kwenye vyombo na kwenye wanyama wa majaribio. Bado si tiba ambayo mgonjwa ataandikiwa hospitalini. Akija mtu kuwauzia "kaboni ya nano ya kusafisha damu," mwambieni aende zake.

Kazi ya pili ni kupima uchafu katika maji. Baadhi ya vitone hung'aa vizuri, lakini vikikutana na zebaki, shaba, chuma au madini ya risasi, mng'ao hufifia. Jinsi uchafu unavyozidi ndivyo mng'ao unavyopungua. Basi tone la maji linaweza kusema lina nini ndani.

Sisi wa upande huu wa bara ya Mombasa hatuhitaji kuelezwa sana umuhimu wa jambo hilo. Kule Owino Uhuru, upande wa Mikindani, jirani zetu wa Changamwe, kulikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari kilichofanya kazi kuanzia mwaka 2007 hadi 2014. Madini ya risasi yaliingia hewani, kwenye udongo na kwenye maji, na watoto wakakutwa nayo kwenye damu. Madini hayo hayana rangi majini wala harufu. Hudhuru ubongo wa mtoto hata yakiwa kidogo. Bi. Phyllis Omido, aliyesimama na wananchi, alipewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman mwaka 2015. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliamua wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufaa ikaitengua fidia hiyo, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha.

Miaka yote hiyo wananchi walikuwa wanasema, "Tunaumwa," nao wanaulizwa, "Ushahidi uko wapi?" Kipimo cha bei nafuu ambacho kingeweza kufanyiwa kazi kisimani, mbele ya macho ya wenyewe, kingekuwa na thamani kubwa. Ndiyo maana tunasema elimu hii si mchezo. Lakini nayo ina shida zake: maji ya visima vyetu vingi ni ya chumvi, na chumvi au rangi ya maji huweza kuharibu usomaji wa kipimo. Kwa sasa, kikundi kinachoshuku maji yake kiombe afisa wa afya ya umma achukue sampuli ipelekwe maabara, na kidai matokeo kwa maandishi.

KAZI YAKE SHAMBANI

Mmea hupika chakula chake kwa mwanga wa jua. Lakini si rangi zote za mwanga zinazoufaa sawasawa. Mmea hupenda zaidi mwanga mwekundu na wa samawati. Ule wa urujuanimno haupati faida nao kubwa. Watafiti wakawaza hivi: kama kitone cha kaboni kinapokea urujuanimno na kurudisha samawati au nyekundu, je, tukikiweka kwenye jani hakitalipikia jani mwanga linaoupenda?

Wamejaribu. Nchini China walikuza pojo, hizi hizi tunazopika kwa nazi, ndani ya maji yenye vitone kidogo sana, na machipukizi yakawa na mizizi na mashina marefu zaidi. Mwaka 2018 wengine wa huko huko waliripoti mpunga uliotiwa vitone ukazaa zaidi kwa karibu asilimia 15. Inaonekana pia kwamba vitone husaidia mmea kuchukua maji na virutubisho, si mwanga peke yake.

Lakini kuna upande wa pili, na muuzaji hautaji. Mwaka 2016 watafiti waliotia vitone vingi kwenye maji ya mahindi, gramu moja na zaidi kwa lita, waliona mizizi ikidhoofika vibaya. Kwenye pojo nako kipimo kidogo ndicho kilichofaa. Ni kama chumvi kwenye mchuzi: kijiko kinafaa, kikombe kinaharibu. Tena vitone vilivyopikwa kwa njia moja havifanyi kazi sawa na vya njia nyingine. Mwenye kuuza chupa lazima ajue vyake ni vya ukubwa gani, vimetokana na nini, ni miligramu ngapi kwa lita, na vimejaribiwa kwenye mmea gani na udongo gani. Pojo iliyokuzwa kwenye sahani maabara si mchicha wa Kisauni unaonyeshewa na mvua ya masika.

Tukumbuke pia kilichotokea nchini mwetu mwaka 2024. Mbolea iliyouzwa kwa wakulima hata ndani ya mpango wa ruzuku iligunduliwa haina ubora. Shirika la viwango, KEBS, likasimamisha uuzaji, na serikali ikatangaza kuwafidia wakulima. Kama mbolea ya gunia, ambayo inajulikana miaka mingi, iliweza kughushiwa, je, chupa ya maji ya kahawia yenye kitu kisichoonekana hata kwa darubini ya shule?

NDUGU YAKE MKUBWA: MAKAA YA SHAMBA

Sasa tuje kwa kile tunachoweza. Makaa ya shamba ni makaa yaliyotengenezwa kwa mabaki ya mimea ili yatiwe kwenye udongo, si ya kupikia. Hayang'ai, na hayafanyi kazi ile ya vitone. Yanasaidia kwa njia nyingine: yana matundu mengi kama sifongo, kwa hiyo hushika maji na mbolea yasizame chini upesi. Kwa udongo wa mchanga kama wa Likoni na Kisauni, ambapo unamwagia maji asubuhi na adhuhuri pamekauka, hiyo ni faida ya kweli.

Kenya ina uzoefu wake. Katika nyanda za juu za magharibi majaribio ya miaka ya 2000 yalionyesha kwamba mashamba yaliyochoka zaidi ndiyo yaliyofaidi zaidi makaa haya kwenye mahindi. Baadaye, familia za wakulima katika kaunti za Embu, Kwale na Siaya zilijaribu majiko ambayo hupika chakula kwa gesi ya mabaki ya mimea na kuacha makaa ya kupeleka shambani. Kwale ni jirani ya Likoni, na miongoni mwa vilivyotumika huko ni vifuu vya nazi na magunzi ya mahindi.

Kikundi chaweza kutengeneza hivi:

1. Kusanyeni vifuu, magunzi na matawi membamba yaliyokauka kabisa. Msikate mikoko. Msichome plastiki, tairi, wala mbao zilizopakwa rangi au dawa.

2. Chimbeni shimo mfano wa sufuria kubwa, mdomo mpana na chini pembamba, kina cha kufika magotini. Liwe mbali na nyumba, na upepo usielekee kwa watu.

3. Washeni moto chini ya shimo. Ukikolea na vifuu vikaanza kuonyesha majivu meupe kwa juu, ongezeni tabaka jingine jembamba. Mwali wa juu huzuia hewa isifike chini, kwa hiyo vya chini huwa makaa badala ya majivu. Moshi ukiwa mwingi, mmeongeza haraka mno au vifuu vina unyevu.

4. Shimo likijaa, mwagieni maji mpaka moto uzime kabisa. Maji ya chumvi ya kisima au ya bahari yasitumike.

5. Pondeni makaa yakiwa bado na unyevu, yafikie ukubwa wa punje za mahindi au madogo zaidi. Yakiwa makavu vumbi lake huingia mapafuni. Funikeni pua na mdomo.

6. Changanyeni na samadi iliyooza, makaa karai moja kwa samadi karai moja. Lowesheni, funikeni, mwache wiki mbili. Usiruke hatua hii. Makaa matupu yana njaa. Yakitiwa peke yake hunyang'anya mmea nitrojeni badala ya kuupa.

7. Tieni gorogoro moja ya mchanganyiko kwa kila mita moja ya mraba ya tuta, mchimbie ndani kiasi cha urefu wa kiganja.

Tahadhari moja kwa wenye mashamba juu ya matumbawe. Udongo wa huko tayari ni wa chokaa, si mchachu, na makaa pamoja na majivu huzidisha hali hiyo. Mboga zikawa manjano. Huko anzeni na tuta moja tu, na muulize afisa wa kilimo wa wadi au kituo cha utafiti cha KALRO Mtwapa kuhusu kupima udongo.

JARIBIO LA MATUTA MATATU

Msituamini sisi pia. Jaribuni. Tengenezeni matuta matatu yanayolingana, sehemu moja, jua moja. Tuta la kwanza lisitiwe kitu. La pili litiwe samadi peke yake. La tatu litiwe mchanganyiko wa samadi na makaa, kiasi cha samadi kikiwa sawa na cha tuta la pili. Lipi liwe la kwanza lipi la tatu, pigeni kura, ili mtu asichague mahali pazuri kwa kitu anachokipenda. Pandeni mbegu ile ile siku ile ile. Mwagilieni kwa mtungi ule ule. Kila mkivuna, pimeni kwa mizani na katibu aandike kwenye daftari: tarehe, tuta, kilo.

Tuta la pili ndilo watu hulisahau. Bila hilo, mboga zikistawi kwenye tuta la tatu hamtajua ni makaa au ni samadi.

Njia hii hii ndiyo ya kumpima muuzaji wa chupa. Mwambieni, "Bwana, tupe chupa moja ya kujaribu kwenye tuta moja. Tutaweka maji matupu kwenye tuta la pili. Rudi baada ya msimu." Mwenye kitu cha kweli haogopi tuta la pili.

MASWALI YA KUMWULIZA MUUZAJI

1. Ndani ya chupa kuna nini hasa, na ni kiasi gani kwa lita? Iwe imeandikwa, si kutamkwa.
2. Ina alama ya KEBS? Kama ni mbolea, cheti cha uchunguzi wa ubora kutoka KEPHIS kiko wapi? Kama ni dawa ya wadudu, imesajiliwa na bodi ya dawa za wadudu, PCPB?
3. Ilijaribiwa wapi hapa Kenya, kwenye mmea gani, na kwa misimu mingapi?
4. Ikizidi kipimo hudhuru nini?
5. Mboga zikae siku ngapi baada ya kunyunyiziwa ndipo ziliwe?
6. Atatoa risiti yenye jina, mahali na simu?

Akishindwa kujibu mawili kati ya hayo, fungeni sanduku.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Katika mtaa wetu vifuu na magunzi hutupwa wapi? Nani anaweza kuyakusanya?
2. Ni kisima gani tunachokishuku, na nani atakwenda kwa afisa wa afya ya umma, lini?
3. Mara ya mwisho kikundi kuweka pesa kwenye kitu kipya, tulikijaribu kwanza? Ilikuwaje?
4. Nani atashika daftari la matuta matatu msimu ujao wa vuli?

Masizi tuliyokuwa tukiyafuta kwa kitambaa yamewafungulia watafiti mlango. Siku moja huenda tukapimia maji yetu kwa kitone kinachofifia. Siku hiyo ikifika, kikundi kilichozoea kuuliza, kupima na kuandika ndicho kitakachokuwa tayari kukipokea. Kwa sasa, vifuu viko mlangoni na daftari ni shilingi chache. Anzeni na hivyo.